Nilivyoharibu Leseni ya Programu ya Marehemu Mwakio

Leo nimejiaibisha mbele ya watu wa Mraru. Naandika haya viatu bado viko miguuni.

Wengi kwenye kundi hili mnanijua. Mimi ni Mghoi, fundi cherehani wa sare za shule hapa Voi. Mnajua pia kwamba mdogo wangu Mwakio tulimzika mwezi uliopita kwetu Mbololo. Mlikuja, mkatufariji, asanteni. Tangu siku ile sisemi sana. (Sijawahi kusema sana, lakini sasa nilikuwa nimezidi. Wateja walikuwa wanapimwa kiuno kimya kimya.) Leo nimesema. Heri ningeendelea kunyamaza!

Nianze mwanzo, maana najua mtasimuliwa kisa hiki na watu wengine, na watatia chumvi.

Mwakio alikuwa anatengeneza programu za kompyuta. Kabla hajaugua alitengeneza kitu ambacho wenzake wanakiita laibrari. Si programu nzima. Ni kipande ambacho mtengenezaji mwingine anakichukua na kukipachika kwenye kazi yake, kama mimi ninavyochukua zipu nikaishona kwenye sketi. Zipu si sketi. Lakini jaribu kuvaa sketi bila zipu uone.

Kazi ya zipu ya Mwakio ni kusoma ujumbe wa simu wa watu wetu. Mtu akiona ndovu kwenye mahindi yake hana utulivu wa kuandika vizuri. Anaandika: "ndofu kwa mama wakesho pale tangi la juu anakula jamani." Kompyuta nyingine hapo inaduwaa. Ya Mwakio inaelewa ni ndovu, yuko Mraru, karibu na tangi gani, na majirani gani waonywe. Alikaa na watu miezi mingi akikusanya jinsi wanavyoandika, pamoja na majina ya mahali ambayo hayapo kwenye ramani yoyote.

Sasa kuna mradi wa kuwaonya wakulima kwa simu, na walikuwa wanataka kuitumia. Kilichowazuia ni kimoja tu: Mwakio aliiweka kwenye mtandao bila leseni.

Aliyenieleza ni Mutua, rafiki yake waliyekuwa wakifanya kazi pamoja. "Dada, bila leseni tunaweza kuitazama tu," aliniambia. "Kuitumia hapana. Kisheria ni ya mwenyewe peke yake."

"Mwenyewe amekufa, Mutua."

"Najua, dada. Kwa hivyo ni ya familia. Na nenosiri la akaunti yake alikuachia wewe."

Ni kweli aliniachia. Na Mama alishasema nifanye nitakavyoona sawa. Lakini kila nikifungua ile akaunti naona picha yake ndogo pale juu, anacheka, nafunga. Nikawa namwambia Mutua kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

Leo asubuhi Mutua akapiga simu, na safari hii hakusema "pole na kazi."

"Dada Mghoi, mkutano ni leo mchana, Mraru. Wakili wa mradi anakuja. Asipoikuta leseni, wanachukua programu ya kampuni moja ya Nairobi."

"Hiyo ya Nairobi inajua tangi la juu ni wapi?"

"Dada, hiyo haijui hata Mraru ni wapi."

Hapo hasira ya kwanza ikanipanda. Miezi yote ile! Mtoto wa watu amekaa juani akiuliza wazee majina ya vijito, halafu aje mgeni na zipu ambayo haifungi! Nikazima cherehani, nikageuza kibao cha mlangoni kikaonyesha "Narudi," nikaketi na simu.

Maagizo ya Mutua yalikuwa rahisi. Hakuna mtu anayetunga leseni mwenyewe. Zipo zilizoandikwa tayari na wanasheria, na dunia nzima inazitumia. Unachagua moja. "Chukua ile fupi. Jaza mwaka, jaza jina la Mwakio, bonyeza uhifadhi. Usiguse kitu kingine chochote." (Rudieni hayo maneno manne ya mwisho polepole. Mimi sikuyarudia.)

Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, karo ilipokwisha. Lakini nilisoma, neno kwa neno, na palipo pagumu nikaiomba simu initafsirie. Sehemu ya kwanza ilinitoa machozi. Inasema mtu yeyote ameruhusiwa, bure, kutumia kazi hii, kuibadilisha, hata kuigawa kwa wengine. Ya pili inasema popote kazi hii itakapokwenda, jina la aliyeifanya liende nayo. Nikasema huyu aliyeandika alimjua Mwakio! Ndivyo alivyokuwa, yule. Unamsifia shati, anavua.

Nikajaza jina. Nikajaza mwaka. Ningeishia hapo sasa hivi ningekuwa nakula.

Nikateremka chini. Kulikuwa na sehemu ya tatu, yote kwa herufi kubwa, kama mtu anayefoka. Nikaiomba simu itafsiri. Simu ikasema: programu hii inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na mwenye kuitengeneza hatawajibika kwa dai lolote, hasara yoyote, wala jambo lolote.

Nikasoma tena. Kama ilivyo?

Jamani. Kama ilivyo ni maneno ya muuza mitumba! Ndiyo anayekwambia ukishavuka mtaro hakuna kurudisha. Mimi nguo yangu ikifumuka mshono baada ya mwaka, mlete mtoto, nitashona bure nikiomba msamaha. Na Mwakio alikuwa hivyo hivyo. Ujumbe ukikosa kufika, alikuwa anapanda boda boda mpaka kwa mtu, anaomba kuona simu yake, anakaa kwenye kigoda anarekebisha. Leo amelala kaburini, hawezi kujitetea, mtu ambaye simjui anaandika juu ya jina lake kwamba hawajibiki kwa lolote. Kwa herufi kubwa!

Basi nikaifuta.

Ndiyo. Niliifuta yote.

Halafu nikaona pamebaki pengo, na pengo si zuri. Nikafikiria ni nini mtu husema kwa heshima juu ya kazi za marehemu. Mnajua wenyewe. Siku ya mazishi, kabla ya jeneza kushuka, mjomba alisimama akasema kwa niaba yetu: aliye na lolote na marehemu asinung'unike njiani, aje kwa familia. Husemwa kila mazishi. Hapo ndipo jina la mtu husafishwa. Na kwetu hakuja mtu. Nilijivunia sana hilo.

Nikaandika hivi, kwa Kiswahili, kwenye lile pengo:

"Kazi hii ilifanywa kwa uangalifu na haitolewi ovyo. Mtu yeyote aliye na lolote na marehemu, au aliyepata hasara yoyote kwa sababu ya kazi yake, asinung'unike pembeni. Aje kwa familia, tutamsikiliza na tutatengeneza. Mghoi, dada yake, fundi cherehani, Voi."

Chini nikaweka namba yangu ya simu. (Nyinyi chekeni. Mimi niliona imekamilika.)

Nikampigia Mutua. "Nimeweka. Nimejaza jina na mwaka, na pale chini nimerekebisha kidogo."

"Poa sana dada! Umetuokoa!" Alidhani nimerekebisha herufi ya jina, ndivyo alivyoniambia baadaye. Mimi nilimwambia ukweli, asinilaumu.

Mchana nikavaa nguo yangu ya heshima nikaenda Mraru. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, watu wamejaa, wengine wamesimama mlangoni. Naibu wa chifu alikuwepo. Wakili alikuwa dada mmoja mdogo kwangu, mpole, ana miwani. Mutua akaunganisha kompyuta na projekta, na pale ukutani, kubwa kama dirisha, likatokea jina la ndugu yangu.

Mama mmoja mbele yangu akatikisa kichwa, akasema, "Mwakio huyu." Nikakaza macho nisilie. Nilijisikia vizuri, sitaficha. Mara ya kwanza tangu tumzike.

"Leseni hii naifahamu," wakili akasema, "ni nzuri. Hebu teremsha tu tumalize."

Mutua akateremsha.

Wakili akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akasoma tena. Mutua naye alikuwa anasoma. Nilimwona akishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mghoi ni nani?" wakili akauliza.

Nikasimama. "Ni mimi."

"Haya maneno umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Hapa palikuwa na sehemu ya herufi kubwa."

"Niliitoa."

"Kwa nini, dada?"

"Ilikuwa na madharau."

Watu wakacheka. Nikadhani wanacheka na mimi, kwa kuniunga mkono, nikatabasamu. (Nilitabasamu! Mbele ya watu! Naona haya hata kuliandika.)

Wakili hakucheka. Akasema, "Dada, unaelewa maana ya hiki ulichoandika? Ndovu akiingia shamba la mtu, na ujumbe usifike, umeahidi kwamba mtu huyo aje kwenu alipwe hasara."

"Nimesema tutamsikiliza."

"Umesema tutatengeneza."

Kwa nyuma ikasikika sauti ya mzee. Ni Mzee Mwadime, ambaye kwa kawaida mikutanoni hulala. "Samahani. Amesema aje kwa nani?"

"Kwa familia, mzee," mtu akamjibu. "Imeandikwa pale."

"Iko kwa sheria?"

Wakili, mtoto mkweli yule, akasema, "Kwa namna fulani, ndiyo, iko."

Mzee Mwadime akainuka bila fimbo. "Basi mimi nina dai. Ndovu alikula mahindi yangu yote, akamalizia na ua."

"Pole, mzee," nikasema. "Ilikuwa lini?"

"Mwaka ule wa njaa kubwa."

"Mzee, wakati huo Mwakio alikuwa darasa la sita!"

"Pale imeandikwa hasara yoyote. Mimi nasoma."

Mama Shali naye akasimama. Huyu ana banda la mboga njia panda, tunajuana. Nikajua anakuja kunitetea.

"Mimi yangu ni ya mgongo," akasema. "Mwakio alipokuwa anajaribu hiyo kazi yake, nilitumiwa ujumbe kuna ndovu nyumbani kwangu. Nikaingia chini ya kitanda, nikalala huko mpaka asubuhi. Kutoka nje, ni ng'ombe wa jirani! Mgongo huu mpaka leo, dada Mghoi, mpaka leo."

"Na ng'ombe alikuwa wangu," jirani yake akasema. "Alipigwa mawe na majirani wote walioonywa. Akakauka maziwa. Mimi nami nije kwa familia?"

"Njoo! Imesema yeyote!" watu wakamjibu.

Mwanamume mmoja nisiyemjua akasema Mwakio aliazima jembe lake akiwa anachimbia nguzo ya kukamata mtandao, na jembe halikurudi. Mwingine alisema alipokuwa akijibu maswali ya Mwakio juu ya majina ya vijito, mbuzi wake walimponyoka. Watu wakaanza kutoka kwenye viti. Na naibu wa chifu, badala ya kunisaidia, alisimama akapiga makofi na kusema, "Tafadhali tusisukumane! Tufanye foleni, wazee mbele!"

Foleni! Ya kumdai ndugu yangu! Kanisani!

Hakuna aliyekuja siku ya mazishi. Hata mmoja. Nilisimama pale nikamtazama kila mtu uso kwa uso wakati mjomba akiuliza, na kila mtu alitazama chini. Leo imewekwa ukutani kwa projekta, kila mtu ana mbuzi!

Sijui ni nini kilichonitoka. Mimi nikizungumza na mteja huniambia paza sauti. Leo nadhani walinisikia mpaka barabarani.

"Kaeni chini! Nyote! Mama Shali, na mgongo wako, kaa! Jembe liko nyumbani kwa Mama, kule Mbololo, njoo ulichukue, lina kutu! Mzee Mwadime, ulikula wali kwenye matanga ya mtoto huyu, nilikupakulia mwenyewe, ukaomba wa pili! Hakuna aliyemlipa! Hakuna mradi uliomtuma! Aliona mnalia na ndovu akakaa akatengeneza, akawapa. Bure! Mtu amekupa kitu bure, kama kinakufaa chukua, kama hakikufai kiache. Lakini usimfuate na madai!"

Foleni ikarudi vitini. Hata watoto waliokuwa dirishani walishuka.

Nikageuka kwa wakili, maana nilitaka na yeye apate yake. Lakini alikuwa ananiangalia kwa upole, akasema taratibu, "Dada, hayo uliyosema sasa hivi ndiyo ile sehemu uliyofuta. Yote. Kinakufaa chukua, hakikufai kiache, usinifuate na madai. Ila wewe umeisema vizuri zaidi."

Nilitamani sakafu ifunguke.

"Haikuwekwa kumtukana," akaendelea. "Iliwekwa kumlinda mtu anayetoa bure, asije akafanyiwa haya ambayo mmefanyiwa hapa. Na bila hiyo, mradi siwezi kuwaruhusu. Tutachukua ile ya Nairobi, na mama hawa watarudi kulala chini ya kitanda."

Nikaelewa. Sitasema niliipenda. Mpaka sasa nikiyaona yale maneno, kama ilivyo, nayaruka. Lakini nilielewa.

"Ninaweza kuirudisha?"

"Unaweza. Sasa hivi."

Sasa ndugu zangu, mwenye akaunti ni mimi, kwa hivyo wa kuirudisha ni mimi. Mbele. Kwenye kompyuta ya Mutua. Na projekta haikuzimwa! Mutua anasema alisahau. Ukumbi mzima ukanitazama nikitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Kila nilipokosea, walijibu kwa pamoja kama wako shuleni: "Hapana!" Nikaweka mshale pale kwenye sentensi zangu. "Aje kwa familia" ikaanza kuliwa kutoka nyuma, herufi kwa herufi, mbele ya watu wote. Ilipofika "kwa uangalifu" kidole kikagoma. Mutua akainama akaninong'oneza, "Futa tu dada. Tunajua." Nikafuta. Ile ya herufi kubwa nikainakili upya, ikarudi mahali pake ikiendelea kufoka.

Nikadhani yamekwisha. Hayajaisha. Kabla ya kuhifadhi, kinatokea kisanduku kinakuuliza umebadilisha nini na kwa nini. Watu wa kompyuta huandika pale maneno mawili matatu ya kitaalamu. Mimi nimeulizwa swali, nikajibu. Niliandika: "Niliondoa sehemu ya tatu kwa hasira. Nilidhani ni matanga. Nimekosea. Mghoi." Nikabonyeza.

Kicheko kilichotoka pale, bati zilitikisika. Wakili naye. Alijaribu kuzuia kwa kitambaa, akashindwa. Mzee Mwadime alicheka mpaka akakaa.

"Mutua," nikasema, "futa hiyo."

"Haifutiki dada. Kila badiliko linabaki kwenye historia ya kazi, na sababu yake. Mtu yeyote duniani akifungua ataona."

"Na ile niliyoandika asubuhi?"

"Hata hiyo."

"Na kuna jambo," wakili akasema akifuta machozi. "Aliyechukua nakala kati ya asubuhi na sasa hivi, alichukua na ahadi yako. Huyo bado anaweza kuja kwa familia."

Nikamgeukia Mutua. "Kuna aliyechukua?"

Mutua akaangalia kwenye kompyuta. Akakohoa. "Mmoja."

"Nani?"

"Mimi. Nilikuwa naijaribu."

"Unanidai nini, Mutua?"

Akafikiria. Kwa kweli alifikiria, mshenzi huyu. "Nitakujulisha."

Wakili akasoma leseni mara ya mwisho, kutoka juu mpaka chini, akasema sawa, inatumika. Zipu ya Mwakio inaingia kwenye mradi kuanzia sasa, na jina lake haliruhusiwi kutolewa na mtu yeyote, popote itakapokwenda. Watu wakapiga makofi. Mama Shali akaja akanishika mkono, akaniuliza kama mwenye jembe asipolifuata anaweza kulichukua yeye.

Kwa hivyo, mkisikia kisa hiki kwa mtu mwingine, ni kweli. Sina cha kukanusha, kimehifadhiwa na dunia nzima inaweza kukisoma. Naomba tu nyinyi, mliolia nami, msinicheke. Nimechekwa kama nilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na inatosha.